Jina Langu Kwenye Skrini

Mwaka 2019, nikisoma shahada ya uzamili hapa Arusha, chuo chetu kilipata seva moja ya kufundishia modeli za kompyuta, yaani programu zinazojifunza kutokana na mifano. Ilikuwa na kadi mbili za GPU, zile zinazoharakisha mahesabu ya mafunzo hayo, kila moja na kumbukumbu ya GB 11, na wanafunzi tuliokuwa tukiihitaji tulikuwa tisa. Kazi ambayo kwenye laptopu ingekula wiki nzima, pale iliisha usiku mmoja. Hakuna aliyekuwa tayari kuikosa.

Mimi ndiye niliyepanga zamu. Nilinunua daftari la kaunta pale Soko Kuu, nikaligawa kwa vipindi vya saa sita sita: wiki ina vipindi 28, kila mtu akapata vitatu, kimoja kikabaki cha kusafisha mashine na kunakili mafaili. Niliamini kabisa kwamba nimetenda haki, kwa kuwa hesabu ilikuwa sawa kwa wote.

Kati yetu alikuwepo dada mmoja mwenye mtoto mchanga, aliyekuwa akitokea Machame, mkoani Kilimanjaro, kila siku ya kipindi chake. Utafiti wake ulihusu kutu ya majani ya kahawa, ule ugonjwa unaoacha madoa ya rangi ya chungwa upande wa chini wa jani. Picha alizipiga mwenyewe kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, vya majirani, chini ya migomba, akigeuza jani moja moja. Nilimpa Jumanne na Alhamisi asubuhi. Kipindi chake cha tatu kiliangukia Jumamosi usiku, na kwa kuwa seva ilifikika kwa mtandao wa ndani ya chuo tu, hakuwahi kukitumia hata mara moja. Niliona nafasi hiyo ikipita tupu kila wiki. Nikaichukulia kama uamuzi wake.

Jumanne moja nilipita maabara kuchukua chaja niliyoisahau. Ilikuwa inakaribia saa tano asubuhi. Nilimkuta amekaa mbele ya skrini, mikono mapajani.

"Kaka, samahani," akaniambia. "Hebu niangalizie hii mashine. Kila nikianzisha kazi inaniambia kumbukumbu imejaa. Nadhani mimi ndiye ninayekosea."

"Imeanza lini, dada?"

"Hii wiki ya tatu."

Wiki ya tatu! Alikuwa akitoka nyumbani alfajiri, anapanda gari Boma Ng'ombe, anapita Usa River na Tengeru mpaka mjini, anakaa saa sita akijaribu, kisha anarudi. Nilifungua daftari. Kwenye mistari yake, kwa mwandiko mdogo, alikuwa ameandika "sikufanikiwa" mara tano. Daftari lile nililishika mimi kila siku na sikuwahi kusoma walichoandika wenzangu.

Nikaandika amri ya kuonyesha nani anatumia kadi. Zote mbili zilikuwa zimejaa, zaidi ya GB 10 kila moja, na zote zilikuwa zikifanya kazi kwa asilimia sifuri. Chini yake palikuwa na jina la mtumiaji. Lilikuwa jina langu.

Nieleze ilivyokuwa, maana jambo hili bado linawakuta wengi. Nilikuwa nikifundisha modeli ya kutambua sauti za Kiswahili kwa TensorFlow. Programu hiyo, usipoipangia vingine, hushika karibu kumbukumbu yote ya kila kadi inayoiona, hata kama modeli yako ni ndogo. Na mafunzo yakiisha, haiachii mpaka uifunge. Mimi vipindi vyangu vilikuwa Jumatatu na Jumatano usiku. Nilikuwa nikimaliza, nafunika laptopu, naenda kulala hosteli, nikiacha programu wazi kwenye seva ili siku inayofuata niendelee pale nilipoishia. Wenzangu waliozoea mambo haya waliizima programu yangu wenyewe bila kuniambia. Yeye hakujua kama inaruhusiwa kugusa kazi ya mtu mwingine, na kwa kweli kanuni zangu hazikusema.

Nilimwambia pale pale: "Dada, mashine haina tatizo. Ni mimi niliyeishika." Nikaizima kazi yangu. Hakunigombeza. Aliangalia saa ya ukutani, akahesabu muda uliobaki, akaanza kupakia picha zake.

Siku ile sikuweza kula mchana.

Alhamisi niliwaita wenzangu wote wanane, nikawaeleza kilichotokea bila kuficha jina langu. Mjadala ulikuwa mrefu. Mwenzetu wa uzamivu alitaka wanaokaribia kuwasilisha tasnifu wapewe zaidi. Mwingine akasema wenye data kubwa ndio wenye uhitaji. Hoja zote mbili zilikuwa na uzito, na sikuwa na jibu. Dada wa Machame akasema, "Mimi siombi saa nyingi. Naomba zile zangu ziwe zangu kweli."

Tukaliacha daftari, tukaweka Slurm, programu inayopanga foleni ya kazi. Unaikabidhi kazi yako kisha unaondoka. Zamu ikifika inaanza yenyewe, na ikiisha kadi zinaachiwa. Tuliipanga ikumbuke nani ametumia kiasi gani: aliyechota sana siku za karibuni anasogea nyuma, na uzito wa alichochota unapungua kwa nusu kila wiki. Waliokaribia kuwasilisha tukawapa sehemu kubwa zaidi kidogo, kwa makubaliano ya kikao. Kuiweka kulituchukua siku nne, na umeme ulikatika mara mbili katikati.

Kazi ya kwanza ya dada niliifuatilia mwenyewe. Aliikabidhi saa tisa alasiri, akawahi gari la kurudi. Mbele yake palikuwa na kazi mbili, moja ikiwa yangu. Kwa kuwa nilikuwa nimetumia mno, foleni ilimpitisha yeye. Saa nane usiku, nikiwa maabara, nikaona mstari wake umebadilika. Kadi zikapanda hadi asilimia 97.

Nikamtumia ujumbe: "Dada, imeanza."

Jibu lilikuja papo hapo. Alikuwa macho, ananyonyesha.