Runinga ndani ya kabini: kumbukumbu ya umeme wa boti ya shemeji

Shemeji yangu ana boti ya mbao bwawa la Nyumba ya Mungu, upande wa Lang'ata, wilaya ya Mwanga. Inavusha watu na mizigo kwenda ng'ambo ya Simanjiro, na usiku lazima mtu alale ndani kulinda injini. Kabini yenyewe ni kijumba cha mbao kilichoezekwa bati. Mtu mrefu akisimama anainamisha shingo. Alinipigia simu, ombi lake fupi: "Shem, nataka taarifa ya habari ya saa mbili na mpira. Jenereta usinitajie, inakula mafuta na inapiga kelele."

Nilicheka kidogo. Bwawa hilo lilijengwa miaka ya 1960 kwenye mto Pangani, pale yanapokusanyika maji ya Kikuletwa na Ruvu, na chini ya ukuta wake kuna mitambo ya kufua umeme ya megawati 8. Maji hayohayo yanayozungusha mitambo ndiyo yanayobeba boti ya shemeji, na ndani ya boti hakuna hata balbu.

Naandika hatua kwa hatua jinsi kazi inavyokwenda, kwa sababu hesabu ni zilezile kwa mwenye lori, kibanda cha ulinzi shambani au gari la safari.

Julai, mwanzoni. Mezani kwangu, Pasua

Ukizunguka maduka ya umeme hapa Moshi mjini ukaeleza shida hii, jibu ni moja: nunua betri, nunua inveta, chomeka runinga kama nyumbani. Mimi sikubaliani nalo. Runinga nyingi ndogo za inchi 19 mpaka 24 hazitumii volti 230 ndani. Zina adapta ya nje, na ukisoma kibandiko chake unakuta imeandikwa inatoa volti 12, ampea 3 au 4. Maana yake ukitumia inveta unapandisha volti 12 za betri mpaka 230, halafu adapta inazishusha tena mpaka 12. Kila hatua inakula chake, na joto unalolisikia ukigusa inveta ni chaji yako inayopotea.

Kwa hiyo sharti la kwanza dukani lilikuwa runinga yenye adapta ya nje ya volti 12. Wauzaji wengine hawajui bidhaa zao zina nini. Geuza mwenyewe nyuma usome. Ikiwa waya wa umeme unaingia moja kwa moja ndani ya runinga, iache hapohapo. Tukapata ya inchi 22. King'amuzi cha antena nacho kilikuja na adapta ya volti 12, hivyo vyote viwili vitakula sahani moja.

Nikaweka mita kati ya betri na vyombo. Runinga ikiwa na mwanga wa juu kabisa ilivuta ampea 1.9. Nikapunguza mwanga nusu, ikashuka hadi 1.4, na ndani ya kabini yenye giza mwanga huo unatosha na kubaki. King'amuzi 0.6. Jumla ampea 2. Nikavipitisha vyombo hivyohivyo kwenye inveta ndogo niliyo nayo, mita ikasoma karibu ampea 3. Halafu nikazima runinga nikaacha inveta imewashwa: bado inavuta karibu nusu ampea, haina kazi yoyote inayofanya. Mlinzi akisinzia bila kuizima, mpaka alfajiri ampea-saa (ampea mara saa) nne au tano zimekwenda bure.

Wiki iliyofuata. Volti 12 ambazo si 12

Hapa ndipo wengi wanaounganisha moja kwa moja huunguza runinga, kisha wanarudi kusema inveta ndiyo salama. Betri ya "volti 12" ya risasi na asidi ikiwa imejaa na imetulia inasoma kama 12.7. Ikifika nusu inasoma 12.1 au 12.2. Sola ikiwa inaijaza, inapanda mpaka 14.4. Adapta ya runinga haikuwahi kuipa runinga 14.4 maishani mwake.

Nilifungua mgongo wa runinga. Pale umeme unapoingia kuna kapasita mbili, moja imeandikwa volti 16, nyingine volti 25. Namba hiyo ni volti ya juu kabisa ambayo kapasita inavumilia, na hiyo ya 16 ndiyo iliyonipa jibu. Kuipa 14.4 kila siku mchana, ndani ya kabini ya bati yenye joto la tambarare ya Mwanga, ni kuifupishia maisha. Upande wa chini nako kuna shida: nikishusha volti taratibu, runinga hii ilijizima ilipofika 10.8.

Dawa ni kifaa cha kusawazisha volti: unakipa chochote kati ya 9 na 20, kinatoa 12 kamili. Kuna aina inayoshusha tu. Hiyo betri ikipungua haikusaidii. Unataka inayoshusha na kupandisha. Nilichukua ya ampea 5 ingawa natumia 2, kwa sababu vifaa hivi vya bei ndogo ampea zake za kwenye boksi ni za kujisifu.

Kikaja na tatizo ambalo sikulitegemea. Picha ikawa inakatika vipande vipande, chaneli nyingine zinapotea kabisa. Nikichomoa kifaa nikarudisha adapta ya ukutani, picha safi. Kifaa kinawasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kelele zake zinaingia kwenye waya wa antena. Nikatafuta zile pete nyeusi nzito zinazokuwa kwenye waya za skrini za kompyuta za zamani. Fundi mmoja jirani ana ndoo nzima ya waya hizo. Nikaipasua ganda la plastiki, nikatoa pete, nikaizungushia waya wa kutokea mara nne, nyingine kwenye waya wa kuingilia. Kifaa chenyewe nikakifungia ndani ya kiboksi cha aluminiamu, mbali na king'amuzi. Ubora wa mawimbi kwenye skrini ya king'amuzi ukarudi karibu na ulivyokuwa kwa adapta.

Katikati ya Julai. Hesabu ya betri

Runinga na king'amuzi ampea 2 kwa saa nne: 8. Taa mbili za LED, kila moja wati 5, kwa saa sita: 5. Simu za watu, nikaweka 4. Jumla kama ampea-saa 17 kwa usiku.

Betri ya risasi ukitaka iishi usiishushe chini ya nusu, hivyo 17 inataka betri ya 34 kwenda juu. Tumeweka ya 50, ya sola, si ya gari. Betri ya gari imetengenezwa kutoa moto mwingi kwa sekunde chache, injini iwake. Ukiinyonya taratibu usiku kucha miezi kadhaa inakufa. Shemeji aliuliza kwa nini tusitumie ileile ya kuwashia injini, si ipo? Nikamwambia, shem, siku mpira ukienda dakika 120 na penalti, asubuhi injini haiwaki na upepo umeshika, wewe na abiria wako mnakwenda wapi? Hakuuliza tena. Betri mbili, kila moja na nyaya zake, haziguswi pamoja.

Paneli ni wati 80. Kwa saa tano za jua zuri, ukikata theluthi kwa ajili ya joto, vumbi na upotevu mwingine, inabaki kama wati-saa 270, yaani ampea-saa 20 na ushee. Inafidia ya usiku na kubakiza kidogo. Sisi wa Moshi mjini Julai jua tunaliona saa sita, siku nyingine hatulioni kabisa. Ukiteremka bwawani ni dunia nyingine: kukavu, mbingu wazi tangu asubuhi. Ningefanya hesabu kwa jua la Pasua ningemnunulisha paneli mbili.

Mwisho wa Julai. Bwawani

Nimeshuka na begi la vifaa, barabara ya Dar kisha kukata kulia. Tumefanya kazi boti ikiwa imefungwa.

Kwanza mahali pa betri. Vijana walikuwa wameshatenga nafasi chini sakafuni, karibu na madumu ya petroli, ili uzito ukae chini. Nimekataa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unateremka kwenye ngama, chini kabisa ya boti, na kukaa huko, na betri ikijazwa inatoa haidrojeni. Cheche moja ya swichi hapo katikati, boti imekwisha. Betri tumeipandisha kwenye rafu ukutani, upande wa mbele, ndani ya kasha la plastiki lenye matundu juu, imefungwa mikanda miwili isihame boti ikipigwa na mawimbi. Fyuzi ya ampea 10 iko pale pale kwenye ncha ya chanya, kiganja kimoja tu kutoka betri. Fyuzi kazi yake ni kulinda waya. Ukiiweka kule mwisho karibu na runinga, waya wote wa njiani hauna mlinzi.

Kutoka betri mpaka runinga ni mita 5, kwenda na kurudi 10. Waya mwembamba wa spika, wa milimita mraba nusu, kwa ampea 2.5 unapoteza karibu volti 0.9 njiani. Wa 2.5 unapoteza chini ya 0.2. Nimetumia wa 2.5, wa nyuzi nyingi. Ule wa nyumbani wenye uzi mmoja mgumu haufai botini, mtetemo wa injini unaukata ndani kwa ndani na kwa nje huoni kitu. Ncha zote nimezibana kwa lagi, yaani vishikio vya chuma vya ncha ya waya, na koleo lake, nikavisha mpira unaonywea kwa joto. Risasi ya kulehemu sikutumia: pale inapoishia waya unakuwa mgumu, na ndipo unapokatikia.

Mahali waya wa paneli unapotoboa bati nimeuacha ushuke kwanza kama mkono wa birika, kisha ndiyo upande kuingia, ili maji ya mvua yadondokee nje.

Runinga imekaa kwenye kibati kilichofungwa kwa skrubu nne kwenye matundu ya mgongoni, na kati ya kibati na ukuta kuna vipande vya mpira wa tairi.

Antena

Hii imechukua muda kuliko umeme wote. Dishi nililikataa tangu mwanzo. Linataka kutazama setelaiti bila kupepesa, na boti hata ikifungwa inacheza. Tangu Tanzania ianze kuzima analojia mwishoni mwa 2012, antena ya kawaida nayo imebadilika tabia: zamani mawimbi yakipungua uliona chenga lakini sauti unapata na mpira unaufuata. Sasa ni picha safi au hakuna kitu.

Antena ya kupokea pande zote, ile ya duara, ilisoma ubora asilimia 30 hivi na kukatikakatika. Ya mifupa ya samaki ikielekezwa vizuri ilipanda juu ya 70. Shida yake ni kwamba boti ikizunguka nanga, antena inazunguka nayo. Lakini shemeji haangalii runinga akiwa safarini, anaangalia akiwa amefunga. Basi boti usiku inafungwa mbele na nyuma kwenye nguzo mbili, haizunguki, na antena iko juu ya bomba la maji la inchi moja linalogeuzwa kwa mkono kutoka ndani ya kabini. Alama ya rangi kwenye bomba inaonyesha uelekeo boti ikiwa imefungwa Lang'ata, nyingine ikiwa imefungwa ng'ambo.

Kama huna kipimo, tazama antena za mapaa ya kijijini zimeelekea wapi, na mifupa yake imelala au imesimama. Waige. Wao walishahangaika.

Mzee mmoja wa pale mwaloni alikuja kutazama, akauliza, "Fundi, na hii radi?" Swali zuri. Wingu likionekana bomba linashushwa na waya wa antena unachomolewa, na nimebandika karatasi ya maelekezo hayo ndani ya mlango.

Agosti. Baada ya kuitumia

Inafanya kazi. Habari ya saa mbili inaangaliwa na watu wa boti tatu zilizofungwa jirani, na hilo limeleta jambo jipya: kila anayekuja anakuja na simu ya kuchaji. Asubuhi moja shemeji alisoma volti 11.6 kwenye kontrola, kile kifaa cha sola kinachosimamia kujaza betri na kukata mzigo. Kontrola ilitoka kiwandani ikiwa imepangwa kukata mzigo kwenye 11.1, ambapo betri ya risasi imeshaumia. Nimempa maelekezo kwa simu, akabonyeza mpaka 11.9. Sasa ikifika hapo runinga inazima yenyewe, na kelele za mashabiki anamalizana nazo yeye.

Ameamua simu ya mgeni ni shilingi mia tano. Wameanza kupungua.

Kinachobaki: kufunika kontrola, maana mende wamependa joto lake, na kupima nguvu ya betri kabla ya vuli. Pia ameanza kuuliza kuhusu friji ya perege. Nimemtumia hesabu ya paneli na betri zitakazohitajika. Tangu juzi hajajibu.