Akili mnemba ofisini kwetu sasa ina mwenyewe

Nilipokabidhiwa kusimamia matumizi ya akili mnemba kwenye taasisi yetu, kila mtu alikuwa na ushauri. Mwanasheria alitaka tupige marufuku, basi. Mtu wa TEHAMA akasema tuchukue sera ya taasisi nyingine, tubadilishe jina, mkurugenzi atie sahihi. Bado nakereka nikikumbuka, kwa sababu ushauri wa aina hiyo ndio unaowaponza wengi.

Marufuku tulikuwa nayo tayari. Waraka ulisambazwa, watu wakausoma, wakahamia kwenye simu zao wenyewe ambako hakuna wa kuona wamebandika nini. Samsung walipiga marufuku mwaka 2023 baada ya mhandisi kupakia msimbo wa programu, uliokuwa siri ya kampuni, kwenye ChatGPT, na hofu yao naielewa. Lakini ukimfungia mtu mlango huku kazi imemlemea, atapita dirishani.

Kwa hiyo nilianza kwa kuuliza. Meza kwa meza: unaitumia kwa kazi gani, unaingiza nini? Nilikuwa na barua ya mkurugenzi kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa alichosema. Bila barua hiyo msijisumbue, hamtaambiwa kitu. Wengi walikuwa wakifupisha mihtasari ya vikao na kunyoosha lugha ya barua. Mmoja alikuwa akibandika malalamiko ya wateja mazimamazima, pamoja na majina, namba za simu, na kwenye barua moja, ugonjwa wa mtoto wa mlalamikaji. Hilo lilininyima usingizi.

Majibu yote yaliingia kwenye daftari moja: programu gani, taarifa gani zinaingia, nani ataumia ikikosea, na nani anawajibika. Kwenye hilo la mwisho nilitaka jina la mtu. Fomu iliyoandikwa "Idara ya Utumishi" niliirudisha. Air Canada walijaribu kujitetea kwamba roboti yao ya mazungumzo inawajibika yenyewe kwa ilichomwambia abiria. Mwaka 2024 baraza la usuluhishi huko Kanada likakataa na kuwaamuru walipe.

Sasa niwaeleze kuhusu programu ya kuchuja maombi ya kazi, maana hiyo ndiyo kazi ninayojivunia. Muuzaji alituapia kwamba haibagui kwa kuwa haiulizi jinsia. Nilijua habari za Amazon, zilizotoka mwaka 2018: mfumo wao ulijifunza kutoka kwa wasifu wa miaka 10 iliyopita, mwingi wa wanaume, ukaanza kuushusha wasifu wowote uliotaja mambo ya wanawake. Haukuhitaji kuuliza jinsia.

Nikatengeneza wasifu pacha. Shule ile ile, uzoefu ule ule, nabadilisha kitu kimoja tu. Jina la kiume kwa la kike: alama hazikusogea. Muuzaji angeishia hapo. Nikaweka pengo la mwaka mmoja kwa ajili ya uzazi, alama zikaporomoka. Pengo lile lile nikaliita masomo, zikapanda. Nikambadilisha nahodha wa soka kuwa nahodha wa netiboli, zikashuka tena kidogo.

Kwenye kikao cha uongozi niliwagawia karatasi hizo, alama nimezifunika, nikawaomba wachague wa kuita kwenye usaili. Walibishana sana, wakakiri hawaoni tofauti. Nikawaambia wafunue. Kimya kilichofuata kilifanya kazi kuliko hotuba yoyote ambayo ningetoa.

Muuzaji alisema fomula ni siri ya biashara, na mkataba wetu haukutupa haki ya kukagua. Mkataba mpya unayo, pamoja na katazo la kutumia taarifa zetu kufundishia mifumo yao. Kagueni mikataba yenu kabla ya kuandika sera yoyote. Sheria ya akili mnemba ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 inaziweka programu za kuajiri kwenye kundi la hatari kubwa, na baada ya zile karatasi sishangai.

Programu haimkatai mtu tena, binadamu anasoma. Ila binadamu akishaona alama za mashine huzifuata tu, kwa hiyo msomaji huandika alama zake kwanza, ndipo afunguliwe za mashine. Zikipishana sana, msomaji wa pili anaitwa.

Sera niliiandika mwisho kabisa, kurasa chache: taarifa zipi zisibandikwe popote, nani wa kuulizwa, na haki ya mwombaji kudai maombi yake yasomwe upya na mtu. Wanaidai kweli, kuliko tulivyotarajia. Msomaji wetu ameelemewa, ameomba msaidizi, na kwenye bajeti ijayo nitampigania.