Homa ya ini E, ile ambayo watu hawaiongelei

Jamani watu wakisikia homa ya ini wanawaza B na C tu, zile za damu, hii ya E hawaijui kabisa na ndo inayopita kwenye maji. Kinyesi cha mgonjwa kikiingia kisimani au mtoni, hasa mvua zikipiga na vyoo vikafurika, ukinywa hayo maji umeshaibeba na wala hutajua leo wala kesho, inakaa wiki 2 hadi 10 ndo unaanza kuchoka, hamu ya kula inakata, kichefuchefu, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi halafu ule weupe wa macho unageuka njano.

Wengi wanapona wenyewe, sawa. Ila mjamzito!! Akiipata kwenye miezi 3 ya mwisho ini linaweza kufeli, kati ya 100 wanaougua wanaweza kufa hata 20 mpaka 25. Hiyo namba inaninyima raha kila nikiikumbuka, mama na mtoto wanaondoka kwa sababu ya kikombe cha maji.

Kuna aina nyingine ya hii E inatoka kwa nguruwe, hasa ukila maini yasiyoiva. Chanjo ipo, China waliipitisha 2011, na 2022 ikatumika kwa mara ya kwanza kupambana na mlipuko kule Bentiu, Sudan Kusini, wajawazito nao wakachanjwa. Nchi nyingi bado hazina, kwa hiyo chemsheni maji, na mkimuona mjamzito ana macho ya njano msimwambie apumzike kwanza, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.