Daftari la samaki: kutoka Python kwenda JavaScript, wiki ya tatu

Jumapili, usiku.

Programu ya mama mdogo niliiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Inatunza saa aliyonunua samaki mnadani Feri, bei ya ndoo, na majina ya mama lishe wa Tandika waliochukua kwa mkopo. Ilikuwa inafanya kazi vizuri, ila kwenye laptopu yangu tu, na alfajiri laptopu haiendi Feri. Simu yake inakwenda. Ndiyo maana naihamishia JavaScript, lugha nyingine ya programu, ifunguke kwenye simu hata bando likiisha.

Mistari mingi imehama bila taabu. Kilichonikwamisha ni mstari ambao sikuugusa hata herufi, kwa kuwa lugha zote mbili zinauandika vilevile:

(saa - 6) % 12

Alama ya % hutoa baki la kugawanya. Huu ndio mstari unaogeuza saa ya kompyuta kuwa saa yetu: 8 inakuwa saa 2 asubuhi, 13 inakuwa saa 7 mchana. Jana mchana nilijaribu hizo, zikatoka sawa, nikamwachia simu.

Leo nimekwenda kwake. Nimemwamkia, akaitikia huku anatafuta miwani. "Mwanangu, hebu nisomee hapa. Mimi nimenunua saa kumi alfajiri. Hiki kistari ni cha nini?"

Kwenye kioo: Vibua, ndoo 2, saa -2 alfajiri.

Nikaelewa palepale. 4 toa 6 ni -2. Ukitafuta baki la -2 kwa 12, Python hufuata alama ya namba inayogawa, kwa hiyo inatoa 10. JavaScript hufuata alama ya namba inayogawanywa, kama ilivyo kwenye lugha ya C, ikabaki -2. Programu haikusimama wala haikulalamika. Mimi nilijaribu mchana, na mchana hesabu hii haifiki chini ya sifuri. Biashara yake yote iko alfajiri.

Sasa mstari unasomeka hivi:

((saa - 6) % 12 + 12) % 12

Sifuri bado naigeuza kuwa 12, kama zamani.

Kusoma msimbo kwa macho nimeacha. Nimezilisha programu zote mbili saa 0 hadi 23 na kulinganisha majibu. Kwa mstari wa zamani zilitofautiana mara 6, saa 0 hadi 5. Kwa huu mpya, zote 24 zinalingana.

Nikafanya hivyohivyo kwenye madeni. Kupanga kuanzia deni dogo kulileta 120000, 15000, 9000, maana JavaScript usipoipa kanuni ya kulinganisha hupanga namba kama maneno. Hilo dogo. Lililonishtua ni orodha tupu ya madeni: Python huihesabu kuwa si kweli, JavaScript huihesabu kuwa kweli. Kwa hiyo mama lishe aliyemaliza kulipa bado aliandikwa "anadaiwa". Nimeshukuru kuliona nikiwa nyumbani, kabla mama mdogo hajamdai mtu aliyekwisha kumlipa. Sasa naangalia urefu wa orodha, siyo orodha yenyewe.

Zimebaki tarehe. JavaScript inahesabu miezi kuanzia 0, Januari ni 0, na stakabadhi za mama mdogo zina mwezi kila mahali.

Kesho anarudi mnadani na simu. Jioni nitaingiza manunuzi yake yaleyale kwenye programu ya zamani, nizitazame mbili kando kwa kando.