Nywele za mawimbi kwenye unyevu wa Mombasa: nilivyozinyoosha zikakaa

Mwenye nywele za mawimbi akiishi Mombasa anazijua harusi za usiku. Unatoka nyumbani nywele zimelala mpaka mgongoni, unavua buibui ukumbini, na kabla bibi harusi hajaingia zile za usoni zimeshatimka. Zangu ni za namna hiyo: si za singa, si za kipilipili. Zikiwa chepechepe zina mawimbi mazuri. Zikijikaukia zenyewe zinakuwa timtim, hasa utosini na juu ya masikio. Kila saluni niliyoingia dawa ilikuwa moja, kuongeza moto. Leo zinanyooka na kukaa, na moto ninaotumia ni mdogo kuliko ule. Kilichobadilika ni namna ninavyozikausha.

Unywele umejengwa kwa protini inayoitwa keratini, na umbo lake linashikwa na vifungo vya ndani. Viko vifungo vigumu, vya salfa, ambavyo hulegezwa na dawa kali za kunyooshea. Na viko vyepesi, vya haidrojeni, ambavyo vikipata maji huachia na vikikauka hufunga tena, katika umbo lolote ambalo unywele ulikuwa nalo wakati huo. Draya na pasi hucheza na hivi vyepesi. Sasa hewa ya pwani yetu, ambayo asubuhi nyingi ina unyevu wa zaidi ya asilimia 80, inaurudishia unywele maji kidogo kidogo, na vifungo vinaachia hata kama hujagusa tone. Nywele hizi hizi nikizinyoosha Nairobi mwezi wa Januari, juu huko zaidi ya mita 1,600 na hewa ni kavu, zinakaa vilevile siku baada ya siku. Kwa hiyo mwenye nywele za aina yangu asiambiwe nywele zake ni kaidi. Zinafanya kile ambacho hewa inaziamuru.

Nilipolielewa hilo, nilianza na maji. Nyumba nyingi za mjini huoshea maji ya kisima, na visima vyetu vingi vina chumvi. Shampuu haitoi povu la maana, na nywele zikikauka unazisikia zinakwaruza vidoleni. Kuosha naosha kwa hayo hayo, lakini maji ya mwisho ya kusuuzia lazima yawe matamu, ya mfereji au ya mvua niliyoyakinga, na ndani yake natia siki kidogo, kama kijiko kimoja cha chakula kwa lita. Siki ni asidi, inasaidia magamba ya juu ya unywele kulala. Usiku wa kabla ya kuosha napaka mafuta ya nazi kuanzia katikati mpaka nchani. Mafuta haya yana sifa ambayo mengi hayana, yanapenya ndani ya unywele, na ukija kulowa hauvimbi sana. Baada ya kuosha siyapaki tena. Hapo ni kondishena, kisha seramu ya silikoni kidogo kiganjani. Losheni zenye glisarini nyingi nimeziacha, kwa sababu glisarini inavuta unyevu, na hapa petu unyevu wa kuvuta haukosekani.

Kukausha ndiko kwenye kazi, na hapa naomba mnisikilize kwa makini.

Taulo silisugui kichwani. Nazibana maji kwa fulana kuukuu ya pamba, fungu kwa fungu, kwa kuminya tu. Halafu nasubiri mwili upoe. Hili sikuliona likisemwa mahali popote, na kwa hapa Mombasa ndilo kubwa kuliko yote: ukitoka kuoga ukashika draya papo hapo, kichwa kinatoa jasho, na jasho la kisogoni linarudisha mawimbi kwenye mizizi huku wewe unapambana na ncha. Mimi nakaa mbele ya feni, inipige shingoni, na feni haizimwi mpaka namaliza. Wakati wa kaskazi, joto likizidi, nafanya kazi hii baada ya Isha.

Lakini nikisubiri, za mbele zinaanza kujikaukia. Kwa hiyo naanza na hizo, za kwenye paji na juu ya masikio. Saluni nyingi huanza kisogoni, na wakifika mbele zile ndogondogo za usoni zimeshakauka kwa umbo lao. Hapo hata draya ikipita mara ngapi hazisikii. Nikizimaliza, nyingine zote nazigawa kwa vibanio, na lile fungu likianza kukauka kabla ya zamu yake nalipulizia maji. Fungu lazima liingie kwenye brashi lingali na unyevu, usiochuruzika.

Brashi yangu ni ya duara. Naivuta taratibu, nywele zimekazwa, na mdomo mwembamba wa draya unaifuata kutoka juu kwenda chini, kila mara chini, kama magamba yalivyolala. Upepo ukipiga kutoka chini kwenda juu unayainua, na timtim inaanzia hapo. Fungu likikauka kabisa, naliacha kwenye brashi nabonyeza hewa baridi mpaka lipoe. Vifungo vinakaza zikipoa, na fungu lililoachiwa likiwa la moto linajikunja mikononi mwako. Kwa urefu wangu kazi nzima inachukua zaidi ya saa moja, na mikono inauma. Stima ikipotea katikati, nazisuka mikia miwili palepale na kuzikaza, zikauke zimevutwa.

Zikikaushwa hivyo, pasi inabaki na kazi ndogo sana. Naiweka kati ya digrii 160 na 170, fungu jembamba, kitana kinatangulia na pasi inafuata, mara moja tu, bila kusimama njiani. Ikitoa sauti ya kuchoma au moshi, naiondoa, kwa sababu bado mna maji ndani, na maji yakichemka ndani ya unywele yanatoboa vijishimo na unywele unakatika hapo. Zile digrii 230 za saluni ziliniunguza ncha zikawa nyepesi na za rangi ya kutu, na hazikurudi, nilizikata.

Keratini ya saluni, yaani dawa ya kunyooshea nywele iliyopewa jina la ile protini, nilishawishiwa nitie mara nyingi, nikakataa, na bado nakataa. Nyingi ya dawa hizo hutoa fomaldehaidi zikipigwa pasi. Ni sumu ile ile iliyomo kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka mwaka 2004 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ukikaa saluni ukaona macho ya wote yanatiririka, toka nje. Ninawaonea huruma zaidi wasusi, wanaovuta moshi huo kila siku, tena mara nyingi chumba hakina hata dirisha.

Zikishanyooka, kuna udhu. Mara tano kwa siku maji yanafika kichwani, na wengi wetu tumeziona nywele zikiharibika hapo. Kwa madhehebu yetu ya Shafi kupaka sehemu ya kichwa kunatosheleza, kwa hiyo nalowesha vidole, navikung'uta, napaka palepale kwenye mgawanyo wa nywele, nyepesi. Jikoni nafunga kilemba, mvuke wa wali unafanya kazi sawa na hewa ya baharini. Na hijabu siifungi juu ya nywele zenye unyevu, maana zinakauka na makunyanzi ya kitambaa na zinashika harufu. Ndani yake navaa kofia ya satini. Ya pamba inasugua.

Usiku nazizungusha kichwani. Naanza sikio moja, naziambaza na kichwa kwa brashi laini mpaka nazimaliza, nabana kwa pini, juu yake mtandio wa hariri. Asubuhi nazifungua, bado zimelala.

Mawimbi yakianza kurudi kwenye mizizi sizipigi pasi upya. Napitisha draya na brashi kwa zile za mbele tu, zilizobaki nazisuka mkia mmoja au nafunga fundo la chini. Pasi inangoja mpaka nioshe tena.