Hela ya kushika ngazi

Send-off imepita salama, asanteni wote mliochanga, mama amecheza mpaka kisigino cha kiatu kimeng'oka, picha nitaweka nikipata bando. Ila hata pale ukumbini MC anaita meza ya ndugu wa bibi harusi mimi sikuwepo, nilikuwa najibishana kimoyomoyo na mteja wangu mmoja, mzee mwenye duka kule Buguruni.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, taa mbili za nje za duka lake, urefu kama mita 4 hivi. Nikapanda mimi, Dogo, msaidizi wangu, akabaki chini. Taa zinawaka, tumekusanya vifaa, nampelekea invoisi, mzee anavaa miwani.

"Hapa umeandika watu wawili."

"Ndiyo mzee."

"Mbona juu nilimwona mmoja?"

"Mwenzangu alikuwa chini, ameshika ngazi."

"Sasa binti yangu, kushika ngazi nayo ni kazi ya kulipwa? Si ungeniambia, mlinzi wangu yupo yupo tu pale, angekushikia bure."

Akaikata 15,000 ya Dogo na kalamu nyekundu, taratibuuu, mstari mara mbili. Na mimi nikacheka, kile kicheko cha mtu anayetaka alipwe aondoke.

Basi majibu yanakuja usiku. Namwambia mzee, mlango wako wa pembeni unafungukia nje na ngazi imesimama mbele yake, nani aliutia komeo akaweka na kiti asitokee mtu akaisukuma? Namwambia, baraza lako lina vigae na lilikuwa limetoka kupigwa deki, raba za miguu ya ngazi hazifui dafu kwenye maji, nani aliomba tambara akafuta? Na ile kirikuu iliyokuwa inarudi rivasi ishushe saruji, nani aliipiga kibao cha bodi huku mguu wake mmoja bado umekanyaga kipago cha chini? Mara nageuka msomi namsomea Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, mzee ananitazama tu kwa juu ya miwani, yaani hata kwenye mawazo yangu mwenyewe hashtuki.

Kinachonikera zaidi ni kwamba ana kaukweli kadogo. Ngazi ikifungwa kamba vizuri kule juu mahali pagumu, mtu wa chini habaki na kubwa la kufanya, na ngazi ikiwa ndefu sana kuishika chini ni kujifariji tu, ikiamua kuondoka inaondoka na wewe. Kufunga ndo mpango. Lakini nani anaishika wakati napanda kwenda kuifunga? Na pale pa kufungia hapakuwepo, kuna bango la bati na gata la plastiki, na ukiegemeza ngazi kwenye gata la plastiki umejitakia. Halafu ngazi yetu ni ya alumini na nyaya zinapita upande wa barabara, kuisimamisha peke yako pale sio ushujaa.

Sasa jana tuko kwenye daladala tunaenda Kigogo, Dogo kimyaaa, afu ghafla:

"Dada, yule mlinzi wa kutushikia bure."

"Enhe?"

"Kile kiti nilichoweka mlangoni si kilikuwa cha kwake. Mwenyewe alikuwa amelala kwenye maboksi toka tunafika."

Nilicheka mpaka konda akageuka. Nimecheka mpaka nashuka kituoni, hasira zote za wiki zikatokea hapo hapo.

Na huko Kigogo Dogo akasema leo yeye anapanda. Sikumwelekeza kitu. Akasimamisha ngazi, akaweka vidole vya miguu kwenye miguu ya ngazi, akanyoosha mikono usawa wa mabega, viganja havikufika kipago. Akaisogeza ukutani kidogo, akapima tena, vikafika. Juu mita 4, chini mita 1 kutoka ukutani, bila futi kamba. Vifaa akavivuta kwa kamba kwenye ndoo, mikono yote miwili kwenye ngazi. Mimi chini natazama bizimu ya mkanda wake tu, isitoke nje ya ngazi, skrubu ya mwisho ilikuwa mbali akaanza kujinyoosha, bizimu ikapita ukingo wa ngazi, nikamwita "Dogo, shuka tusogeze." Akashuka bila kununa. Invoisi nimeandika watu wawili, mama mwenye nyumba kalipa yote na chai juu.

Ila mwenye nyumba wangu mimi kapiga simu mara mbili toka asubuhi na sijapokea. Kodi nimelipa mpaka mwezi wa tatu, sasa anataka nini huyu? Au ndo anauza? Mwenzenu nimeanza kuangalia makabati na kuwaza yatapita vipi kwenye ule mlango.