Zege la saa tano usiku linakufuata mpaka jimu

Watu wengi wanaopiga tizi alfajiri hapa Dar wana lalamiko moja, uzito ni uleule wa wiki iliyopita lakini leo chuma kimegoma, seti ya pili tu pumzi imekata, tumbo limejaa gesi, na ukimuuliza mtu jana usiku ulikula nini anakwambia zege. Chipsi mayai, mishkaki miwili, soda ya baridi, saa tano kasoro hivi, alafu moja kwa moja kitandani. Hili jambo linaniuma kwa kweli, maana naona vijana wanavyojituma, wanaamka saa kumi na moja, wanalipia jimu kwa hela ya kuungaunga, wengine mpaka wananunua poda za protini za bei mbaya, na kinachowarudisha nyuma ni sahani ya usiku ambayo hakuna aliyewahi kuwaelezea inafanya nini mwilini.

Simama kibandani siku moja uangalie linavyopikwa. Chipsi zimekaangwa toka jioni ziko kwenye kabati la kioo, jamaa anazichota anazimwaga kwenye kikaango, anaongeza mafuta, anapasulia mayai juu, likishika anafunika na sahani anageuza, na akilipakua unaona kabisa mafuta yanavyojikusanya pembeni ya sahani kabla hata kachumbari haijawekwa. Sasa mafuta ndo yanachelewa kuliko vyote kutoka tumboni. Yakishaanza kufika kwenye utumbo mdogo mwili unaliambia tumbo lipunguze kasi, kwa hiyo mlo wa namna ile unaweza kukaa tumboni masaa manne na zaidi. Piga hesabu: umekula saa tano, umelala saa tano na nusu, na usingizi ule mzito kabisa unakuja zile saa za mwanzo za usiku, ndo muda ambao homoni ya ukuaji inamwagwa kwa wingi, yaani muda ambao misuli uliyoichosha mchana inatengenezwa, tumbo lako nalo liko zamu.

Alafu kuna kiungulia. Ukilala chali na tumbo limejaa, asidi inapanda kooni, unageuka huku na huku, asubuhi unasema nimelala masaa sita ila usingizi wenyewe ulikuwa wa vipandevipande. Chumvi ya mishkaki nayo inaleta kiu, unakunywa maji, unaamka kukojoa. Na kama soda yenyewe ni kola au ndo zile za kuongeza nguvu, kuna kafeini humo, na kafeini kwa mtu wa kawaida inachukua kama masaa matano kupungua nusu, kwa hiyo saa kumi alfajiri nusu yake bado inazunguka kwenye damu. Ukija kwenye skwati, yaani kuchuchumaa na chuma mabegani, unafunga mkanda, unavuta pumzi unaibana, unashuka, ile presha yote ya tumbo inasukuma juu, na kama kiungulia kilishaanza usiku ndo hapo kinawaka upya katikati ya seti. Mtu anadhani amepungua nguvu wakati miguu iko sawa kabisa.

Ila hapa ndo napishana na wale wanaosema usile chochote baada ya saa kumi na mbili jioni. Hiyo sheria inawaumiza watu. Mtu anatoka kazini saa kumi na moja, foleni ya Ubungo anaijua mwenyewe, anafika jimu saa moja na nusu, anatoka saa tatu, nyumbani saa nne, sasa huyo asile? Alale na njaa baada ya kupiga dedilifti, ile ya kunyanyua chuma kizito toka chini? Wanga unaokula usiku ndo unaokujazia akiba ya sukari kwenye misuli, na ukiwa umelala akiba ya ini inapungua ila ile ya misuli kwa sehemu kubwa inabaki, kwa hiyo anayenyanyua alfajiri bila kifungua kinywa anatumia chakula cha jana. Akilala njaa anakuja mtupu. Angalia pia mwezi wa Ramadhani, jamaa zetu wanakula usiku mwezi mzima, wengine wanaenda jimu baada ya tarawehe, na wanaofuturu uji, muhogo wa nazi kidogo na samaki wanabeba vizuri tu, wanaoteseka ni waliojaza sambusa na bajia. Saa ni ileile, kilichotofautiana ni sahani.

Na kuna tafiti kabisa. Mwaka 2012 watafiti wa Maastricht, Uholanzi, waliwapa vijana gramu 40 za kasini, ile protini ya maziwa inayosagika taratibu, kabla ya kulala baada ya mazoezi ya jioni, wakakuta utengenezaji wa misuli usiku umepanda kwa kama asilimia 22. Mwaka 2015 wakafuatilia vijana wiki 12, gramu 27.5 za protini kila usiku, na waliokunywa waliongezeka nguvu na misuli kuliko wenzao. Kweli wenzao walipewa kinywaji kisicho na protini, kwa hiyo siwezi kusema ni maajabu ya usiku peke yake, jumla ya protini ya siku nayo ilikuwa kubwa kwao. Ila chakula cha usiku hakikuwaangusha, na hilo kwangu linatosha.

Sasa gramu 27 na kitu sio lazima utoe kwenye kopo la laki na ushee. Yule kijana anayepita mtaani usiku na mayai ya kuchemsha, mayai mawili ni kama gramu 12, mtindi nusu lita ni kama gramu 16, umeshafika. Ongeza ndizi mbivu kama unanyanyua asubuhi. Huyo wa mayai mwambie tu chumvi asimwage sana. Na kama zege unalipenda, na ni tamu sipingi, lile saa moja au saa mbili usiku, ukaekae masaa matatu ndo ulale, au ulile siku ambayo kesho yake hupigi tizi la miguu.

Kitu kingine, kama kiungulia kinakusumbua mara kwa mara hata siku ambazo umekula mapema na chakula chepesi, usiendelee kutafuna vidonge vya duka la dawa miezi na miezi, nenda hospitali wakuangalie, na skwati zitakusubiri.